Jiko Lisilo na Mlango

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka damu hunichemka. Usiniambie nisamehe. Umeniletea mkataba wako wa Riyadh nikuombee dua, na dua nitakuombea. Lakini keti kwanza.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, mawakala walipokuwa wakibeba wasichana kila kukicha, mimi nilikuwa Riyadh, mtumishi katika nyumba ya watoto wanne. Mkataba wangu ulikwisha kabla ya Ramadhani. Pasi alikuwa nayo kafili, mwenye nyumba, tuliyemwita Baba. Kila nikimuuliza mkewe, madam, nitakwenda lini kwetu, jibu lilikuwa inshallah baada ya Idi, halafu inshallah baada ya safari. Na huku Msambweni mama yangu alikuwa anapoteza macho. Nikimpigia simu alikuwa na neno moja tu: "Njoo nikuone, mwanangu, kabla giza halijanifunga."

Nami nikifanya nini? Nikitukana kwa Kiswahili! Madam akiniagiza, naitika kwa Kiarabu, natabasamu, kisha naongeza kwa lugha yetu, kwa sauti ile ile tamu, "Ukome, na mdomo wako kama kata mbovu." Yeye hutabasamu, nami roho hupoa. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Basi safari yenyewe ilikuwa ya Vienna, huko Ulaya. Tulikwenda kundi zima: Baba, madam, watoto, dadake madam kutoka Jeddah na mumewe, na marafiki zao. Yule dada alikuja na mtumishi wake, Mama Salome, mtu mzima wa Kitale aliyekaa Jeddah miaka mingi. Wao waliona makanisa ya kale na magari ya farasi. Sisi wawili tuliona migongo yao. Madam akipiga picha mbele ya kila sanamu, mimi nashika mikoba, mtoto kiunoni, mvua inaninyea.

Asubuhi moja wakaingia kwenye jumba la wafalme wa zamani. Aliyewatembeza alikuwa Mmisri, akieleza kwa Kiarabu. Katika chumba kimoja kulikuwa na jiko refu la kupashia chumba moto, jeupe, lenye nakshi za dhahabu, lakini halina mlango wa kutilia kuni. Wakashangaa. Mmisri akaeleza kwamba watumishi walipita katika ujia mwembamba nyuma ya ukuta na kutia kuni kwa huko, ili wakubwa wasiwaone wao wala majivu yao.

Madam akashika kifua, machozi yanamlengalenga. "Maskini! Mabwana hao walikuwa na roho gani?"

Ama kweli nyani haoni kundule. Mimi nimesimama nyuma yake, mwanawe amelala begani kwangu, sijatia kitu tumboni tangu alfajiri, na mama yangu anapofuka. Nikatabasamu, nikasema kwa Kiswahili, "Mnafiki mkubwa, Mungu akupofushe wewe."

Nilidhani Mama Salome atacheka. Hakucheka.

"Wee msichana, umetusi huyu mama tangu tushuke ndege. Amesikia nini?"

"Nitatoroka, Mama Salome. Wallahi tukirudi nitatoroka."

"Utoroke uende wapi? Wenye walitoroka nimewaona huko Karantina, mtaa ya Jeddah, wamejazana kwa chumba moja, hawana ikama, ile kibali ya kukaa, hata dukani wanaogopa kwenda. Mwambie kwa Kiarabu. Saa hii, wageni wake wakiwa hapa. Na umwambie kwa heshima."

Nikamweka mtoto sawa begani. Nikasema polepole, kila mtu asikie: "Madam, mkataba wangu umekwisha tangu kabla ya Ramadhani. Mama yangu anapofuka na anataka kuniona. Naomba pasi yangu niende nyumbani."

 Mmisri akageuka kulitazama jiko. Dadake madam akamuuliza, "Ni kweli?" Madam akamtazama mumewe. Baba alipoona marafiki wanamkodolea macho, akasema upesi, "Tukirudi Riyadh ataondoka. Halas." Na kwa kuwa alilisema mbele za watu, alilitimiza. Madam hakunisemesha tena.

Nilifika Msambweni mchana, jua linawaka. Mama alikuwa ameketi kibarazani. Nikasimama mbele yake, akauliza, "Nani?" Akanipapasa uso wote, kisha akasema, "Umekonda."

Majirani waliniambia kwamba Ramadhani ile alikuwa bado anachambua mchele mwenyewe. Macho yalikuwepo bado! Niliwekwa huko nionyeshwe majumba ya watu, na mama yangu alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichotaka kukiona. Miaka imepita, mwanangu, na hasira hii haijazeeka.

Basi shika. Mficha uchi hazai. Tusi asilolielewa aliyekudhulumu linakupoza wewe tu, yeye linamwacha alivyo. Jifunze Kiarabu cha kudai haki yako kabla hujajifunza cha kuitika. Mkataba ukiisha, sema siku hiyo hiyo, sema wakiwepo wageni, sema kwa adabu, na usitabasamu. Wala usingoje Mama Salome; huenda wako hatakuwepo.

Haya, lete mikono yako. Mungu akutangulie, akukinge na dhalimu, akupe ulimi mwepesi na moyo usiotetemeka. Na siku utakayorudi, ukisimama mlangoni kwenu, mamako asiulize ni nani.