Ndizi na Machungwa Katika Kiondo Kimoja

Msimu huu wa kura ya maoni ya katiba, kununua matunda Nairobi kumekuwa siasa. Ndizi ni alama ya Ndiyo, chungwa ni alama ya La, na ukibeba moja tu watu washakupa chama.

Jumamosi, nikingoja zamu yangu kwenye kibanda cha matunda pale Riruta, mama mmoja alichagua ndizi mbivu akazitia kwenye kiondo. Bwana mwenye fulana ya picha ya ndizi, aliyekuwa akingoja chenji yake, akampigia makofi. "Poa sana, mama! Wewe ni wetu!"

Mama akaanza kubonyezabonyeza machungwa.

"Ai, mama! Si uchague moja?" mwuzaji akacheka.

"Mimi nilizaa wawili," mama akasema. "Mkubwa ni ndizi, mdogo ni chungwa. Wanakaa kwa ploti yangu, milango inaangaliana, na tangu kampeni zianze hata salamu hakuna. Kesho wanakula kwangu. Nitakatakata hii yote kwa bakuli moja. Mwenye ataanza kubagua na kijiko, aniambie kwanza ni nani kati yao singefaa kuzaa."

Viongozi wetu hutuhubiria umoja kwa vipaza sauti, na hakuna aliyewahi kuusema hivyo.

Yule bwana alikohoa. "Hiyo chenji yangu," akamwambia mwuzaji, "nipe machungwa. Niko na ndugu hapo Kawangware."

Nilirudi nyumbani kifua mbele, kana kwamba mama yule alinizaa mimi pia.