Mistari Miwili ya Mama Wino

Ni Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu mwaka jana. Nahodha wa boti ya kuhudumia maboya anamuaga mkewe mlangoni. "Naenda kubadilisha taa ya boya tu. Saa saba nimerudi."

Saa saba inapita. Saa kumi inakuja habari kwa redio ya bandari: nahodha amekamatwa na doria ya nchi jirani kwa kuingia maji yao.

"Maji yao tangu lini?" mkewe aliuliza.

Tangu Jumapili. Jeshi la jirani lilikuwa limeteka kisiwa kidogo na kutangaza kuwa ni chake, na anayeshika nchi kavu hudai na bahari inayoizunguka, maili kumi na mbili. Boya ambalo nahodha alilihudumia miaka kumi na minne likawa ugenini bila kusogea hata shubiri.

Mkewe ndiye msahihishaji wa ramani za bahari katika ofisi ya bandari. Wenzake humwita Mama Wino. Taarifa ya badiliko ikija, huichora kwa wino wa zambarau, kisha pembeni huandika tarehe na herufi za jina lake. Kwa miaka ishirini na miwili hajarudisha tarehe nyuma hata siku moja.

Siku ya kumi na nane tangu mumewe akamatwe, bosi wake alimletea vipimo vya mpaka mpya. "Meli zinatoka, Mama Wino. Zichoree, zisije zikakamatwa."

Nyumbani, mama mkwe alisusa chakula. "Ukichora umekiri kosa. Mkono wako ndio utakaomfunga mwanangu?"

"Mama, nisipochora, kesho watamchukua mtoto wa mwenzio."

"Huyo sikumzaa mimi!"

Kesho yake alichora. Mstari wa zamani hakuugusa. Ule mpya aliuweka kwa nukta nukta, juu yake akaandika: "Mpaka unaodaiwa." Akatia tarehe na herufi zake.

Bosi alivua miwani. "Bahari moja, mipaka miwili?"

"Ndivyo ilivyo, bosi. Mmoja wa sheria, mmoja wa bunduki. Anayesafiri lazima aijue yote miwili."

Bosi alisaini.

Wakili wa nahodha aliposikia, aliomba nakala. Tarehe ile inaonyesha kuwa siku ya kukamatwa hapakuwa na ramani yoyote bandarini yenye mpaka mpya. "Sina ushahidi mzuri kuliko huu," anasema. Mama mkwe, ambaye kwa juma zima hakumsemesha mkaza mwanawe, aliibeba mwenyewe bahasha yenye nakala hiyo. Tarishi hakuruhusiwa hata kuigusa.

Tangu hapo hakuna meli iliyotoka na ramani ya Mama Wino ikakamatwa.

"Wengine wanarudi," anasema, akifuta kalamu kwa kitambaa. "Na wangu atarudi."

Kesi imeahirishwa mara tatu. Itasikilizwa tena Alhamisi, na ramani ndiyo kielelezo cha kwanza.