Nyumba Aliyoijua kwa Miguu

Bi Nuhad alichora ramani za nyumba kwa penseli miaka kumi na tisa kabla kompyuta haijamkuta. Katika ofisi moja ya ujenzi mjini Homs, Syria, alikuwa na meza yake ya mshazari, rula yake, na kidole cha kati kilichoota sugu. Vita vilipokuja ofisi iliungua pamoja na karatasi zake zote, naye akaenda kukaa kwa dada yake kijijini. Huko ndiko alikojifunza programu ya kuchorea nyumba, kwenye laptopu kuukuu ya mpwa wake, kwa sababu mikono ilikuwa ikimwasha kwa kukosa kazi. Aliporudi mjini alipanga chumba kimoja juu ya duka la mikate, akaweka betri ya gari chini ya meza kwa ajili ya saa zisizo na umeme, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi, kisha akaandika kibao kwa mkono wake: RAMANI ZA NYUMBA. MAFAILI YALIYOGOMA.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomletea watu. Mji ulikuwa ukijengwa upya na watu waliotawanyika. Baba yuko Homs, kaka yuko Uswidi, mwenye ramani yuko Uturuki, na faili linapitia simu tano kabla halijafika, likifika limepondeka kama nyanya za chini ya kapu. Bi Nuhad alikuwa na subira na mafaili hayo. Hakuwahi kusema faili limekufa kabla hajalikagua mwenyewe.

Nazih alikuja Jumatano moja asubuhi. Alikuwa fundi wa lipu, mtu wa miaka arobaini hivi, vumbi la saruji limemkaa mpaka kwenye kope.

"Mhandisi, nina nyumba ndani ya simu, haitaki kutoka," alisema.

"Mimi si mhandisi, ni mchoraji tu. Na leo ni Jumatano, siku ambayo nchi nzima inasema sisi wa Homs hatuna akili. Kaa, tuone kama tutawaumbua."

Nazih alicheka kidogo, akakaa ukingoni mwa kiti asije akakichafua, akaeleza. Mama yake, Bi Wasila, alipofuka kwa sukari nyumba yao ikiwa bado imesimama. Ndani ya nyumba ile upofu haukumshinda. Alipika, alifua, alianika, aliwakaribisha wageni na sinia la kahawa mkononi bila kugusa ukuta. Kisha wakakimbia. Miaka saba alikaa nyumba za watu akiongozwa kwa kushikwa mkono.

"Mama aliyekuwa akikanda nyama na ngano za kibbe ya watu kumi na tano, sasa anaomba ruhusa kwenda msalani," Nazih alisema, akiangalia viatu vyake. "Nyumba yenyewe tingatinga liliisomba na msingi wake. Nataka kuijenga vilevile. Sisemi inayofanana. Vilevile, ili aijue."

"Wewe huikumbuki?"

"Nilikwenda Lebanon kutafuta kazi nina miaka kumi na saba. Nyumba naijua ya sikukuu tu. Lakini dada yangu Lamis alisomea mapambo ya ndani. Aliichora yote alipokuwa chuoni. Sasa yuko Mersin, Uturuki, ndiye aliyenitumia hili."

Bi Nuhad alilifungua. Ukurasa ukatoka mweupe. Akaangalia uzito wa faili, akatikisa kichwa.

"Nyumba nzima haiwezi kuwa nyepesi kuliko picha ya paka. Hii haikufika. Mtandao ulikatika njiani, simu yako ikabaki na jina tu. Mpigie dada yako."

Lamis alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu aliyezoea kuongea na Homs kwa haraka kabla laini haijakatika. Bi Nuhad akamwelekeza: alifungashe faili, alikate vipande vitano, atume kimoja kimoja na asitume cha pili kabla hajaambiwa cha kwanza kimeingia. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Vipande vilipoungana, programu ikakataa tena: faili limetengenezwa na toleo jipya kuliko la Bi Nuhad, na laptopu yake ilikuwa mzee asiyeweza kubeba toleo jipya. Lamis akarudi kulihifadhi kwa mtindo wa zamani. Siku ya nne nyumba ikafunguka, lakini tupu. Mahali pa kitanda palikuwa na sanduku jeupe, mahali pa kabati sanduku jeupe.

"Binti yangu," Bi Nuhad alimwambia, "umenitumia orodha ya wageni, wageni wenyewe wamebaki kwako. Vyombo vyote viko kwenye kompyuta yako, ramani inavinyooshea kidole tu. Vikusanye kwenye folda moja na ramani yenyewe, kisha uitume hiyo folda."

"Nisamehe, shangazi. Ninakusumbua."

"Usumbufu gani? Tangu Jumatano sijamfikiria mwenye nyumba wangu hata mara moja. Umenipumzisha."

Vyombo vilipofika, Nazih aliitwa. Alisimama nyuma ya kiti cha Bi Nuhad, akaona sebule, makochi ya kijani, ua na mlimao wake. Akanyoosha kidole kigumu cha lipu, akakigusisha kwenye kioo, akakirudisha haraka kama aliyegusa chungu cha moto.

"Ndiyo hii," alisema.

Kabla ya kuanza kujenga, Bi Nuhad alitoa shauri. Zege la chini lilikuwa limeshamwagwa. Wapigilie vigingi, wafunge kamba kwa urefu wa kiuno kila palipo na ukuta, Bi Wasila aje aipitie nyumba kwa mkono kabla ya tofali la kwanza. Wakafanya hivyo asubuhi nzima, yeye akisoma vipimo, Nazih akivuta kamba.

Bi Wasila aliletwa amevaa joho lake jeusi la kutokea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso uliotulia. Alipofika mlangoni, penye kamba iliyoachwa wazi, aliung'oa mkono wake kwenye mkono wa mwanawe.

"Niache."

Akaingia. Kiganja kikiteleza juu ya kamba, akaenda sebuleni, akageuka bila kuuliza, akaingia chumba cha kulala, akasimama mahali pa kitanda, akatabasamu. Nazih alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati na kusingizia jua. Kisha mama akaelekea jikoni. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Mkono ukatafuta mbele, haukupata kitu. Akasimama.

"Hapa si kwangu."

"Mama, ramani inasema ndipo," Nazih alisema.

"Ramani ina macho, mimi nina miguu. Toka kizingitini hadi kwenye sinki ni hatua nne. Hii ya tano mmeitoa wapi?" Akapapasa kulia. "Na huku kulikuwa na ukuta. Mbona kuna pengo?"

Bi Nuhad alipima upya, akapima tena. Kamba zilikuwa sawa na ramani. Alijua basi kwamba kosa haliko kwenye kamba. Akampigia Lamis palepale, akaweka sauti wazi, akamweleza.

"Ilikuwa kazi ya chuo," Lamis alisema. "Mwalimu alituambia tuchore nyumba tunazoishi, kisha tuziboreshe. Nilimwongezea mama jiko, alikuwa akilalamikia moshi. Nikamwekea na dirisha la uani. Nikahifadhi juu ya ile ya kwanza, sikujua kama nitaihitaji. Kisha miaka ikapita, nikadhani ndilo jiko letu. Nimelisahau jiko letu, mama." Akaanza kulia.

"Usilie, salio linakwisha," Bi Wasila alisema. "Nisikilize. Kwa nini hukunionyesha wakati ule? Nilikuwa bado naona kidogo."

"Nilikuonyesha. Uliiangalia ukasema ni nzuri sana. Nikajua kuwa huioni, maana ulikuwa ukiangalia pembeni ya kioo."

Bi Wasila aliishika kamba kwa mikono miwili.

"Nilisikia umebana pumzi unasubiri," alisema. "Ningekwambiaje?"

Bi Nuhad alijifanya anakunja futi yake.

"Sasa," mama aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga kazi za siku, "ukuta urudi ulipokuwa. Hatua nne. Uzee huu siwezi kuhesabu jiko jipya. Lakini dirisha la Lamis libaki. Dirisha moja nitajifunza."

Bi Nuhad alirudi chumbani kwake, akarekebisha ramani, akasogeza ukuta wa jikoni sentimita sitini, akaliacha dirisha. Akaihifadhi ramani kwa jina jipya, asiifute ile ya chuo. Akamtumia Lamis zote mbili, vyombo ndani yake, kwa toleo la zamani na kwa nakala ya picha, na Lamis akaandika jioni ileile kwamba zimefunguka mara moja.

Ujenzi ulichukua miezi minane, kwa sababu ya saruji kupatikana na kupotea. Lamis hakuweza kuja kufungua nyumba; kibali chake kilikuwa bado. Bi Nuhad ndiye aliyealikwa. Bi Wasila alimfungulia mlango mwenyewe, akamkalisha karibu na Nazih, akaenda jikoni peke yake. Mara moja tu bega lake liligonga mahali, kwenye fremu ya mlango, akaitukana fremu kwa sauti ndogo, akaendelea. Alirudi na sinia, vikombe vitatu vimejaa.

Baada ya kahawa alimshika mgeni mkono, akampeleka dirishani. Alikuwa tayari anajua kitasa kiko wapi. Akalifungua, upepo ukamgusa usoni.

"Niambie kinachoonekana. Na usinipambie."

Bi Nuhad aliangalia. "Kisiki cha mlimao. Ukuta wa jirani, nusu umeanguka. Juu yake wamefunga kamba ya nguo."

"Nguo za nani?"

"Sijui. Kuna gauni la njano, na soksi nyingi."

"Soksi nyingi? Basi ni Umm Khalaf, jirani yangu wa zamani," Bi Wasila alisema kwa furaha, akitoa kichwa nje. "Amerudi huyu mwanamke na hata hajaja kunisalimu. Ngoja nimwite."