Jembe Nililolitia Motoni Kufundisha Dini

Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwa katekista Vidunda. Jumapili moja wanafunzi wa ubatizo waliniuliza Yesu aliwezaje kuwa Mungu na mtu kwa pamoja. Nikaazima jembe la Bibi Agnesi, nikatoa mpini, nikalitia motoni mpaka likawa jekundu.

“Mnaona? Moto umeenea chuma chote, na chuma kimebaki chuma vilevile. Hakijapungukiwa kitu.”

Nilijiona mwanazuoni. Jembe lilipopoa polepole majivuni, nikalitia mpini wake, nikamrudishia Bibi.

Kesho yake kijiji kizima tulikuwa kwenye shamba la ujamaa. Bibi alipiga jembe mara tatu tu, likajikunja kama sikio la mbwa.

“Shikamoo, Bibi,” nikamwahi.

Aliliinua jembe juu, watu wote walione.

“Mwalimu,” akauliza, “na Yesu wako naye alilegea hivi?”