Globu ya Mwisho na Baraka za Babu

Enzi zetu picha haikupigwa mdomo ukiwa umejaa chipsi. Ulioga, ukapakwa mafuta hadi magotini, ukavaa nguo ya Krismasi, kisha ukaambiwa usipumue. Wajukuu wangu nikiwaeleza hivyo hunitazama kama mtu aliyetoroka hospitali.

Tuliishi Voi miaka ya hamsini, katika nyumba za reli, Baba akiwa karani wa stesheni. Kamera aliipata kwa mpiga picha aliyekuwa akihama, wakabadilishana kwa mbuzi. Ilikuja na flashi: sahani inayong'aa, na katikati yake unachomeka globu ndogo. Globu ilitoa mwanga mara moja tu, pwaa! kisha ikafa, imebabuka. Ya kwanza ilipokufa nililia. Sikuelewa ni taa gani hiyo inayowaka mara moja maishani. Nadhani Baba pia hakuelewa, ila yeye alikuwa mtu mzima.

Alichotaka kilikuwa kimoja: sura ya Babu. Nyanya alifariki bila picha hata moja, na Baba alituambia kwamba ameanza kuisahau sura ya mama yake. Sasa Babu naye, kule Mbololo, alikuwa anakohoa, hatoki nje kwa baridi ya mlimani, na nyumba yake ilikuwa na kidirisha cha kupita paka. Bila flashi, hapana picha.

Mara ya kwanza Baba alisogea karibu kabisa, jinsi tulivyosogeza karabai ili tuone vizuri. Filamu ikaenda Mombasa kwa treni kusafishwa, ikarudi tukiwa na nyuso nyeupe pe, kama tuliotumbukia kwenye pipa la unga. Mara ya pili akarudi nyuma hadi mlangoni. Picha ikaja nyeusi, inaonekana ndoo tu iliyokuwa karibu naye. Baba aliigeuza juu chini.

"Mwanga ni ule ule," akasema. "Sasa umeenda wapi?"

"Uliza ndoo," Mama akamjibu.

Ikabaki globu moja. Siku hiyo Baba alisimama katikati ya chumba cha Babu, si karibu si mbali, jasho likimtoka. Babu alikaa kwenye kigoda chake, sisi watoto chini mbele yake.

"Baba, hii itatuwekea sura yako," Baba akamweleza.

"Kwani mimi naenda wapi?" Babu akauliza.

Baba akatuamuru tunyamaze, akaanza kuhesabu. Hapo Babu akainua kibuyu, akapiga funda la pombe ya miwa, akatupulizia sote matone yake kuwa baraka, ndiko kutasa kwenyewe, jinsi wazee wetu wa Kidawida walivyofanya familia ikikusanyika mbele yao. Pwaa! Matone yakaangukia globu ya moto, ikapasuka. Mama, mtu wa misheni, akaita jina la Yesu. Mimi sikujua kama nicheke au nikimbie.

"Baba, si nilisema utulie!"

"Umeniketisha mbele ya watoto wote, umenyamazisha watu," Babu akasema, ameshangaa kweli. "Ulitaka nifanye nini kingine?"

Babu alifariki kabla filamu haijarudi. Baba aliifungua bahasha. Macho ya Babu yamefumbwa, mashavu yamevimba, midomo imebinuka, na juu ya vichwa vyetu matone yamesimama hewani, moja moja, kama shanga. Baba alikaa nayo siku nzima. Kama alifurahi au aliumia, sijui mpaka leo.

Wajukuu wangu hupiga picha mia kabla ya chai, midomo imebinuliwa vile vile, ila wao hawambariki mtu. Mimi ninayo hii moja ukutani. Babu anapuliza, na matone bado hayajanifikia. Nikipita pale nainamisha kichwa kidogo, nisije nikayakosa.