Mashine Inayofunguka Tena

Karani wa shule moja ya Lipangalala, ninayesali naye kanisa moja, amekuja dukani kwangu Kibaoni Ijumaa tatu mfululizo kuchagua mashine ya ofisi ya kubaindi, yaani kutoboa karatasi na kuzifunga kama kitabu. Nikimpa shikamoo, hujibu marahaba taratibu, kisha hufuta vidole kwa leso kabla ya kugusa chochote. Hushusha mpini polepole, kichwa kimeinama, akisikiliza karatasi zinavyotoboka. Swali lake ni lile lile kwa kila mashine: "Ukishafunga, unaweza kufungua ukaongeza kitu?" Vijikaratasi vinavyodondoka huviokota kimoja kimoja, asiniachie uchafu.

Leo amejaribu kwa karatasi zake mwenyewe, zilizochapwa vizuri. Nilipozipokea nizitie spairo ya plastiki, ule mgongo wa meno unaoshika kurasa, nikaona kichwa cha habari: Wasifu wa Marehemu. Jina lilikuwa lake. Kuzaliwa Mahenge, ubatizo, kipaimara, ndoa, kifo cha mkewe, miaka ya kazi, vyote vimejazwa. Penye watoto pana kistari. Penye tarehe ya kufariki pana nukta tupu.

"Baba, wasifu si huandikwa na ndugu, wakausoma kanisani siku ya mazishi?" nikamuuliza.

"Najua," akasema, akigongagonga karatasi mezani mpaka kingo zikalingana.

Akachagua ile ndogo ya spairo ya plastiki, kwa kuwa spairo hiyo hufunguka. Akaikumbatia kifuani, akaaga. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka.

"Binti, ukisoma somo kanisani, sauti yako inafika viti vya nyuma?"