Kadi Niliyowaandikia Watu wa Kisiwani

Mpaka leo nikisikia mtu anajaribu kipaza sauti, "moja, mbili, moja, mbili," natafuta kitu cha kushika. Iwe kanisani, iwe harusini, ni hivyo hivyo. Wanangu hucheka. Nimewaambia ni mambo ya zamani, lakini sijawahi kuwaeleza yote, kwa sababu yananiaibisha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika duka dogo mjini Mwanza, na nikitoka kazini nilikuwa mtu maarufu. Sitanii. Nilikuwa katibu wa klabu ya salamu za redio. Tulinunua kadi, tukajaza majina ya tunaowasalimu na, chini kabisa, ujumbe. Mtangazaji akasoma na kanda yote ya ziwa ikasikia. Kila mmoja alijibatiza jina lake la redioni, na ndilo tulilojuana kwalo. Uhondo ulikuwa kwenye ujumbe. Msalimiaji hodari alijulikana kwa ujumbe unaochoma, na wangu ulichoma kweli.

Redio binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, zikipiga kutwa nyimbo za kijana mmoja wa Dar aliyeacha bendi akatoa kaseti yake mwenyewe. Tuliposikia anakuja kuimba uwanjani Kirumba, tukaamua kumpokea kwa namna ambayo hajaiona. Hakuna aliyetutuma wala kutulipa. Wasalimiaji wote wangekaa upande mmoja wa uwanja, nguo nyeupe, kila mtu na kitambaa cheupe mkononi. Wimbo wa tatu ukianza, mimi ningepuliza filimbi, na vitambaa vingepanda na kushuka kutoka mwisho huu mpaka ule, ili kijana wa watu aone mawimbi ya ziwa letu. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani wa Buzuruga, alichana mashuka ya mitumba mpaka akakohoa vumbi lake. Nikachora uwanja kwenye karatasi ya manila, kila klabu na sehemu yake. Watu wa Ukerewe niliwaweka katikati. Wakikosekana wao, wimbi lingekatikia hapo.

Sasa hao wa Ukerewe nilikuwa na kinyongo nao. Walikosa mkutano wetu uliopita, wakasema ziwa lilichafuka. Sisi tuliwapikia, tukawangoja, chakula kikalala. Nilinuna wiki nzima. Kwa hiyo kwenye kadi ya kuwaita watu Kirumba niliandika hivi: "Wa kisiwani, safari hii msilisingizie ziwa. Asiyekuja si mwenzetu." Mtangazaji aliisoma mara mbili, akicheka. Na mimi nilicheka, peke yangu dukani, nikajiona mkali.

Katibu wao alikuwa mwanamke kama mimi, wa rika langu. Tulikuwa tumesalimiana redioni miaka miwili na kuandikiana barua kupitia sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha. Nilijua hasira za mama mkwe wake. Nilijua mtoto wake alichelewa kuota meno. Sura yake sikuwahi kuiona.

Jumamosi ya onyesho, saa nne asubuhi, nilikwenda bandarini kuwapokea. Nikaambiwa meli iko kwenye matengenezo tangu Alhamisi. Niseme kweli, jambo la kwanza lililonijia ni hasira: wamepata kisingizio kingine! Nikashuka mwaloni Kirumba, wanaposhushia samaki, kuuliza kama kuna aliyetoka kisiwani na habari zao. Nikampata mchuuzi mmoja ambaye mtumbwi aliopanda ulikuwa ndiyo kwanza umefika kutoka huko.

"Wale wa nguo nyeupe?" akasema. "Walikodi mtumbwi wa dagaa wenye injini. Walitangulia alfajiri, sisi tukafuata."

"Mmewapita wapi?"

Akaacha kukunja kamba aliyoishika. "Hatukuwaona."

Nilikaa juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa na maji ya samaki, na sikujali gauni langu jeupe. Upepo ulikuwa umeanza. Mtu yeyote aliyekulia ufukweni anajua upepo wa mchana wa miezi ile ya kiangazi; wenye mitumbwi huhakikisha umewakuta wameshafika. Mawimbi yalikuwa yanapasuka kwenye miamba na rangi ya maji ilikuwa imegeuka.

Saa sita ikafika. Saa saba. Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa karibu yangu akanitazama muda mrefu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. We binti, unamngoja nani?"

"Rafiki yangu, anatoka Ukerewe kwa mtumbwi."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina. Akacheka, kisha akaona sichekeshi. "Hilo la redioni. La kwao?"

"Sijui, mama."

"Baba yake? Kijiji?"

Nikatikisa kichwa. Nikamweleza na habari ya kadi.

"Sasa mwanangu, Mungu apishe mbali, lakini likitokea la kutokea, utakwenda kusema umepotelewa na nani?"

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kugeuza dagaa wake. Lakini hapo ndipo hofu iliponishika hasa, maana nilikumbuka kwamba redio ile ile iliyosoma kadi yangu husoma pia matangazo ya vifo. Nikamsikia mtangazaji yule yule, bila kicheko, akisoma majina matatu matatu, la mtu, la baba, la babu, na mimi nimekaa dukani nisijue hata ni wao. Nilimwomba Mungu. Nilimwahidi mambo ambayo mengine sijayatimiza mpaka leo.

Uwanja hauko mbali na mwalo. Kutoka huko upepo ulileta sauti ya mafundi wa vyombo: moja, mbili. Moja, mbili. Nikajikuta nahesabu nao, nikifika mbili naangalia ziwani, hakuna kitu, naanza tena. Nilidhani nitapata wazimu.

Saa nane na nusu fundi cherehani akaja anakimbia. "Katibu, watu wamejaa! Kila mtu anakuuliza wewe."

Nikamwambia. Akalitazama ziwa, akavua kofia.

"Lakini si ulikuwa unatania tu?"

"Wao wangejuaje?"

Nikampa filimbi. Akaondoka akitembea polepole.

Muziki ulikuwa umeshaanza walipotokea. Sikuwatambua, kwa sababu nilikuwa nikitafuta weupe, na huo mtumbwi ulikuwa wa kijivu, umezama karibu hadi ukingoni, watu wake wakichota maji kwa sufuria. Niliingia ziwani na viatu. Nikawahesabu: kumi na wanane, pamoja na mtoto mgongoni kwa mama yake. Mbao mbili zilikuwa zimeachana huko katikati, wakajibanza nyuma ya kijisiwa, na ule mwanya wakauziba kwa vitambaa vyote vyeupe tulivyokuwa tumewatumia. Vilikuwa bado vimo, vyeusi kwa matope na mafuta.

Mwenye mtoto akanijia moja kwa moja. Meno yake yalikuwa yakigongana kwa baridi.

"Ni wewe, katibu mwenzangu?"

"Ni mimi."

"Mwenye mtumbwi alitaka kurudi," akasema. "Alitaka kabisa. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia hatuwezi, tumeshaambiwa asiyekuja si mwenzao." Na akatabasamu, jamani, kama mtu aliyeleta zawadi.

Yule mama wa dagaa alivua kanga yake ya pili akamfunika mtoto.

Tulipoingia uwanjani wimbo wa tatu ulikuwa umekwisha. Fundi cherehani alikuwa ameshapuliza filimbi, vitambaa vikapanda, na wimbi likakatikia pale katikati nilipopaogopa. Hakuna aliyelaumu. Wageni wangu walikaa kwenye nafasi yao, wamelowa, na baada ya muda mfupi walikuwa wakicheza kuliko sisi wenyeji. Aliimba nini yule kijana, sikumbuki. Nilikuwa na kadi moja ya salamu tupu kwenye mkoba. Nikaigeuza nyuma, nikapita kwa mmoja mmoja katikati ya kelele, nikiwapigia ukelele masikioni: jina lako la kwenu, la baba, la babu, kijiji. Walidhani ni mambo ya klabu. Niliandikia kwenye kiganja, mwandiko ukawa wa mtoto wa darasa la kwanza.

Kadi ilijaa nikiwa sijamaliza. Wa mwisho alikuwa amelala ndani ya kanga, hana jina la redioni. Nikamuuliza mama yake, nikaliandika ukingoni, kwa herufi kubwa.